Bi Siku Tatu: Maisha ya Dada Yetu, Karani wa Vyeti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake anayemfuata, fundi seremala. Aliyejua kuandika katika familia yetu alikuwa yeye. Leo imebidi niandike mimi, kwa hiyo mniwie radhi nitakapokosea. Shemeji yangu, mume wa marehemu, aliusoma wasifu huu jana kabla haujapelekwa kuchapwa, akaniomba nifute aya mbili. Nilifuta moja.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mnyapara wa barabara na mkunga. Mama yetu alizalisha karibu nusu ya watoto wa kijiji, lakini mtoto wake mwenyewe wa kwanza hakuandikishwa popote. Tarehe tunaijua kwa sababu aliikwaruza kwa msumari nyuma ya mlango. Baba alijitahidi. Alipanda baiskeli hadi ofisi ya jimbo mara tatu, kila safari kutwa nzima, na mara zote tatu akaambiwa kwamba anayehusika ametoka. Mara ya tatu aliuliza huyo anayehusika huwa anakwenda wapi kila siku. Alitolewa nje kwa utovu wa adabu. Dada alikuja kupata cheti chake cha kuzaliwa akiwa na miaka ishirini na miwili, katika wiki yake ya kwanza ya ajira, na alikichapa kwa mikono yake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1981. Huko bweni kulikuwa na bomba moja la maji kwa wasichana mia mbili, na kila alasiri wote walisimama kwenye mstari kwa saa mbili na ndoo zao. Dada, akiwa kidato cha pili, alizipiga ndoo zote namba kwa rangi ya mabaki, akazipanga, na kuwaambia wenzake, "Ndoo ndizo zisimame kwenye foleni. Sisi twende tukasome." Waliachwa wawili tu wa kuchota kwa zamu. Mwalimu wa bweni alimpa adhabu ya kufyeka kwa kubadilisha utaratibu bila ruhusa, halafu akauacha utaratibu wenyewe ulivyo. Nadhani hapo ndipo dada alipoonjeshwa maisha yake yatakavyokuwa, ila hakuelewa. Alikuwa akisimulia kisa hicho huku akicheka.

Alipomaliza sekondari alikaa nyumbani miaka miwili akisubiri barua ya kujiunga na chuo cha uhazili. Barua ilikuwa imefika zamani. Ilipatikana kwenye droo ya afisa elimu, ikiwa imewekewa kikombe cha chai juu yake, duara la kahawia katikati ya jina lake. Alihitimu chuo hicho mwaka 1985.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa na serikali ya jimbo kuwa mpiga chapa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Wengi wenu mnaijua ofisi ile: rangi ya krimu juu na kahawia chini, korido ndefu, mabenchi upande mmoja na madirisha yenye nondo upande wa pili. Kutoka kwenye mashine ya chapa alihamishiwa dirishani kupokea watu, na mwaka 1997 akakabidhiwa masjala, yaani chumba cha mafaili. Wakati huo aliyeomba cheti alikipata baada ya miezi mitatu, akibahatika.

Dada alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale: alichagua faili moja akalifuata. Kila asubuhi na kila jioni alikwenda kulitazama lilipo, na daftari mkononi, akaandika lilifika lini, liliguswa lini, na aliyeligusa alilifanyia nini. Faili lile lilipita meza kumi na moja kwa siku mia moja na nane. Alipojumlisha kazi yote iliyofanyika juu yake, ilikuwa dakika arobaini. Siku nyingine zote lilikuwa limelala.

Basi akaanza kuzunguka meza kwa meza. Kwenye meza ya nane alikuwepo mzee mmoja mpole, aliyeheshimika sana.

"Mzee wangu," dada alimwuliza, "karatasi ikifika kwako unaifanyia nini?"

"Naweka tiki."

"Tiki ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba wa meza ya saba ameweka tiki."

"Na asipoweka?"

Mzee alifikiri kweli kweli. "Hajawahi kuacha."

Mkuu wa ofisi wa wakati huo alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na hakuwa akimwogopa mtu. Alimwambia, "Jaribu. Kitu kikiharibika nitasema ni wewe." Hakikuharibika kitu. Meza kumi na moja zikawa nne, na kufikia Julai 1999 mtu aliyeleta maombi Jumatatu aliondoka na cheti chake Jumatano. Mkuu yule alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema kazi ile ni ya karani wa masjala. Ninamtaja hapa kwa sababu baada yake hakutokea mwingine.

Katika miezi hiyo ya mwanzo alikuja mama mmoja kutoka mbali, amebeba godoro, sufuria na unga wa wiki mbili, maana alishazoea. Siku ya tatu akakabidhiwa cheti cha mwanawe. Alikaa chini pale koridoni akalia. Dada alitoka mbio akidhani jina limekosewa. Yule mama akamwambia, "Jina ni sawa, mwanangu. Ila sasa huu unga naupeleka wapi?" Ndiye aliyekwenda kulitangaza jina la Bi Siku Tatu, na jina likamganda dada mpaka leo.

Si kila mtu alifurahi. Vishoka waliokuwa wakikaa nje ya geti kuuza nafasi kwenye foleni walikosa kazi, na walikuwa na marafiki ndani. Kiti cha dada kilipotea mara tatu. Mara ya tatu alifanya kazi amesimama kwa wiki nzima, na aliponikuta karakana nikimtengenezea kingine aliniambia, "Usiharakishe. Nimegundua nikisimama wanakuja kuniona ni nani, halafu wanasahau kunichukia."

Kuhusu ndoa, niseme ukweli uliofichwa muda mrefu. Mwaka 1990, alipokuwa dirishani, alikuja mwalimu wa hesabu aliyepoteza cheti chake cha kuzaliwa. Alikuja mara tisa. Cheti kilikuwa tayari tangu safari ya pili. Dada alikuwa akimwambia, "Njoo Jumatano, mwalimu," naye anakuja Jumatano. Hilo ndilo faili pekee alilolichelewesha kwa makusudi katika miaka thelathini na sita ya utumishi. Naye mwalimu alikuja kukiri kwamba safari ya tatu alikiona cheti chake kwenye trei, juu kabisa, akanyamaza. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991 na kujaliwa mabinti wawili. Waliishi vizuri. Hilo nalisema bila kuongeza chumvi, na sina mengi ya kusema hivyo katika wasifu huu.

Nirudi kazini, kwa sababu hapo ndipo tulipoanza kumpoteza.

Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilileta Mpango wa Kuongeza Ufanisi na Utendaji. Walikuja wataalamu wenye vitambulisho shingoni. Walipoambiwa kwamba kuna ofisi inayotoa vyeti kwa siku tatu walimfuata dada, na dada, ambaye hakujua kuficha kitu kinachofanya kazi, aliwapa daftari lake. Ripoti ilitoka na jalada linalong'aa. Majedwali yake yalikuwemo, neno kwa neno, mpaka kosa moja la kujumlisha alilokuwa amelifanya. Jina lake halikuwemo.

Kisha akaja mkurugenzi mpya kusimamia ufanisi, na ufanisi ulihitaji watu wa kuupima. Ikawekwa meza ya kuhakiki muda. Ikawekwa meza ya kumhakiki mhakiki. Kila karani alipewa fomu ya kuandika alichofanya kila nusu saa, na fomu ya kueleza kwa nini fomu ya kwanza haikujazwa. Meza nne zikawa tisa. Mwaka ulipokwisha, cheti kilikuwa kinachukua wiki sita. Lakini kwenye taarifa ya robo mwaka iliandikwa siku tatu.

Dada aliipeleka ile taarifa ofisini kwa mkurugenzi, akaiweka mezani. Mazungumzo yao alinisimulia siku hiyo hiyo, amekaa kwenye mbao zangu bila hata kuvua viatu, na sikumbuki kumwona na hasira kama ile.

"Mkurugenzi, hizi siku tatu zimetoka wapi?"

"Saa inaanza kuhesabiwa faili linapokamilika na kufika meza ya mwisho, mama. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Na yule aliyekaa kwenye benchi pale nje, saa yake inaanza lini?"

"Yule bado hajaingia kwenye mfumo."

"Ana wiki ya tano pale."

"Ndiyo, lakini hajaingia."

Alitakiwa kusaini taarifa ile kama mkuu wa masjala. Alikataa. Robo iliyofuata alikataa tena. Mwaka 2018 ofisi ilipewa kikombe cha utendaji bora wa jimbo zima, na wiki hiyo hiyo dada akapewa barua ya uhamisho kwenda ghala la samani chakavu. Barua ilisema ni kwa ajili ya kuongeza ufanisi.

Ghala lile lilikuwa la mabati, nyuma ya gereji ya magari ya serikali, limejaa viti vilivyovunjika miguu na makabati yasiyofungika. Hakuna mtu aliyekuwa akienda pale. Miaka mitatu alikaa humo. Alinilazimisha Jumamosi nyingi niende na nyundo na gundi, nikamuundia mabenchi arobaini na moja kutokana na mabaki hayo, akayapeleka kwenye zahanati na ofisi ambako watu walikuwa wakisubiri wamesimama. Nilimwuliza kwa nini anajitesa kwa ajili ya watu waliomtupa. Alisema, "Kama siwezi kuwapunguzia kusubiri, basi wakae." Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikuona tena cha kuchekesha.

Novemba 2021 alianza kulalamika maumivu ya ubavu. Januari walimpiga picha wakaona uvimbe kwenye figo la kushoto. Daktari, kijana mwenye adabu, alisema uvimbe bado ni mdogo na unatolewa, ila upasuaji wake unafanyika kwenye hospitali kubwa tu, na mtumishi wa serikali hapokelewi kule bila barua ya kibali kutoka ofisi ya utumishi ya jimbo. Alisema, "Barua ikipatikana ndani ya mwezi, tuko salama." Tuliwasilisha maombi Jumatatu, tarehe 7 Februari 2022.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa benchi. Nilikwenda mara mbili kwa wiki. Dada, kitandani, hakuwa akiniuliza kama barua imetoka. Alikuwa akiuliza, "Limelala kwa nani?" Nami nilimrudishia nilichoambiwa kila dirisha: faili liko kwenye mchakato. Pale kwenye benchi nilifahamiana na mpishi wa shule moja ya bweni ya serikali, mama wa makamo mwenye uvimbe kooni, sauti imeanza kukauka. Maombi yake yaliwasilishwa tarehe 1 Februari, siku sita kabla ya yetu. Tulikuwa tukilindiana nafasi. Alikuwa akinipa nusu ya andazi lake.

Mwishoni mwa Machi nilimtambua karani mmoja wa ndani, binti ambaye dada alimfundisha kazi. Alinivuta pembeni.

"Mjomba, faili la mama nimelitafuta. Liko kwa afisa wa vibali. Juu yake yapo mengine thelathini na manne."

"Na kwenye kompyuta linasomekaje?"

Aliangalia chini. "Siku mbili."

"Huyo afisa yuko wapi?"

"Yuko semina. Wiki tatu." Akageuka kuona kama kuna anayesikia. "Semina ya kuboresha utoaji wa huduma."

Kisha akaniambia kwamba anaweza kulitoa faili la dada chini na kuliweka juu, na afisa akirudi akute ni la kwanza. Nikaenda kumweleza dada. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Watakaoshuka ni akina nani?"

"Dada, sijui. Watu."

"Ni wagonjwa?"

"Kila aliyeomba kibali ni mgonjwa."

"Basi liache lilipo."

"Utakufa kwa ajili ya foleni?"

"Nilitumia maisha yangu kuwaambia watu wasiruke. Usinifanye mwongo nikiwa nimelala."

Nilimkasirikia. Nimesimama hapa, mwili wake uko mbele yangu, na bado nimemkasirikia.

Hii ndiyo aya ambayo shemeji alitaka niifute. Kesho yake nilirudi kwa yule binti nikamwambia aliweke faili juu. Nilimwambia dada mwenyewe ameafiki. Afisa aliporudi kutoka semina alisaini mafaili kumi ya juu, akaondoka kwenda semina nyingine. Barua yetu ilitoka tarehe 12 Mei, siku ya tisini na nne. La mpishi, yule binti aliniambia baadaye, lilikuwa la kumi. Baada ya mkono wangu likawa la kumi na moja.

Nilimpelekea dada barua. Aliishika, akapitisha kidole kwenye namba ya kumbukumbu, akaniangalia.

"Walionitangulia wamepata?"

"Wamepata."

"Wote?"

"Wote, dada."

Alifanya kazi na namba hizo maisha yake yote, na sidhani kama nilimdanganya hata kwa dakika moja. Kisha akasema, "Basi nenda ukahakikishe," akafumba macho. Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Nilikuwa na aibu ya kukaa tena kwenye benchi lile.

Hospitali kubwa walimpokea tarehe 16 Mei. Daktari bingwa alitazama picha mpya akatuita nje, mume wake na mimi. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye mapafu. Alituuliza kwa nini tulichelewa. Shemeji yangu, mwalimu aliyefundisha watoto kujibu maswali kwa miaka thelathini na mitano, alimpa ile barua ya kibali asome tarehe. Hakuna kilichokatwa. Tulirudi naye nyumbani, na mabinti zake walimhudumia kwa zamu, kwa upole ambao mimi mjomba wao siwezi kuusifu vya kutosha. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Ofisi ya jimbo imetuma mwakilishi, ambaye amekaa nasi hapa, na tunamshukuru kwa kuja. Amekuja na hotuba ya mkurugenzi na cheti cha utumishi uliotukuka, chenye fremu. Hotuba inasema marehemu alikuwa nguzo ya mpango wa ufanisi. Familia imekaa, na kwa kauli moja tumeomba hotuba isisomwe. Cheti tutakirudisha. Hatumkosei mgeni wetu heshima, yeye ametumwa tu. Ila aliyetumwa anaweza pia kurudi na ujumbe.

Marehemu ameacha mume, mwalimu mstaafu, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine fundi wa kompyuta, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na mama yetu mzazi, mwenye miaka themanini na mitatu.

Yupo mwingine nitakayemtaja, ingawa si wa ukoo. Mpishi yule wa shule amekuja leo. Amekaa safu ya tatu, amefunga skafu shingoni. Barua yake mpaka sasa haijatoka. Mama, sauti yako imekwisha kwa hiyo sikutegemei unijibu. Mwezi Machi nafasi yako ya kumi niliichukua mimi, kwa uongo, bila idhini ya dada yangu, na haikumfaa kitu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote. Na wewe ndugu mwakilishi, tukishamaliza kuweka udongo, naomba usiondoke. Njoo pale nilipo na mama huyu. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa mlangoni kwenu, sisi wawili, na tutataka kujua faili lake limelala kwa nani.

Mungu amlaze mahali pema dada yetu. Alikuwa amechoka.